Chokoleti na Tone la Maji

Chungu cha umeme cha kupikia polepole hakikubuniwa kwa ajili ya vitindamlo. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago aliyepewa hataza yake mwaka 1940, alikuwa akifikiria cholent, maharage na nyama ambavyo Wayahudi wa Lithuania, kwa akina mama yake, waliviacha vikiiva usiku kucha ili Sabato isivunjwe kwa kuwasha moto. Kampuni ya Rival ilipokiuza upya mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, umbo lilikuwa bado la maharage: moto mdogo, udongo mzito, kifuniko kinachozuia mvuke usitoke. Mvuke hugonga kifuniko, hugeuka matone, hurudi chini. Maharage huyapokea matone hayo kwa furaha, chokoleti huyaogopa. Ndiyo maana nasema kwamba anayepika chokoleti humo ni fundi wa maji kwanza, moto baadaye.

Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, chini ya joto la mwili wa mtu, kwa hiyo kuyeyusha si kazi. Kazi ni tone. Likidondokea chokoleti iliyoyeyuka, punje za sukari hulowa na kunatana, na kilichokuwa laini kikawa donge lenye chengachenga. Ajabu ni kwamba dawa ya donge hilo ni maji hayohayo, ila mengi na ya moto: sukari yote huyeyuka, donge likalegea, ukapata mchuzi. Mpishi hodari hutumia pande zote mbili za tabia hii katika chungu kimoja. Hutandaza rojo zito la unga, kakao, sukari na maziwa, hunyunyiza juu kakao na sukari kavu, kisha humwagia maji ya moto bila kukoroga (mkono huwasha hapa, lakini ukikoroga umeharibu). Keki huumuka ikapanda, mchuzi ukashuka. Wakati huohuo kitambaa safi hutandazwa chini ya kifuniko kunywa matone, pembe zake zikikunjiwa juu zisiguse joto. Maji aliyoyapima huruhusiwa. Yasiyoalikwa hufungiwa nje.

Watasema huo ni uvivu: unabonyeza, unaondoka. Kwa maharage, sawa. Lakini joto la chungu hiki hutoka hasa ubavuni, kwa hiyo kingo huiva wakati kitovu bado kinatikisika, na udongo huendelea kupika hata umeme ukizimwa. Baada ya saa mbili au tatu lazima mtu aamue kuzima kabla keki haijaonekana kuiva, bila kufunua mara kwa mara, maana kila kufunua humwaga joto lililokusanywa taratibu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: hakuna ganda la kahawia. Ni kweli. Mpishi wa pwani anayepalia makaa juu ya kifuniko hupata moto wa juu ambao chungu hiki hakina, na hakuna ujanja utakaouleta. Ila keki hii huliwa kwa kijiko, ikichotwa toka chini kuliko na mchuzi. Ganda gumu lingekuwa kizuizi tu. Anayetaka vipande vilivyonyooka vya kupigia picha, oveni ipo.