Kosa la Mwenye Kuunda

Wengi hudhani Frankenstein ni jina la dude la kutisha. Sivyo, ni jina la kijana mwenye elimu aliyeliunda. Kitabu hiki cha Bibi Mary Shelley kilipigwa chapa London mwaka 1818, miaka michache baada ya wafumaji wa Uingereza kuvunja mitambo iliyowanyang'anya kazi.

Wako wasemao kwamba kitabu chalaani elimu. Mimi sikubali. Kiumbe yule hakuanza na uovu: alijifunza kusema kwa kusikiliza watu wa nyumba moja, akawaletea kuni usiku kwa siri. Mzee kipofu alimpokea kwa upole. Mwanawe mwenye macho alimpiga fimbo. Na aliyemuunda alikuwa amemkimbia tangu siku ya kwanza. Ndipo akawa muuaji.

Neno moja lanihuzunisha: hata akifa, Frankenstein amwonya nahodha juu ya tamaa ya makuu, wala haungami kosa la kutupa alichokiunda.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi, tuletewapo chombo kipya, tusiulize tu nani amekiunda, bali nani atakilea.