Susan Nje ya Mlango: Mpenzi wa Narnia Mbele ya Kitabu cha Mwisho

Huenda msomaji wa jarida hili akastaajabu kukuta humu makala juu ya hadithi za watoto wa Kiingereza. Udhuru wangu ni mmoja. Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi kwamba mhakiki hana budi kuziweka kando hisia zake kabla ya kukishika kitabu, na kwamba kusema "kimenichukiza" si kuhakiki. Kitabu kilichonitia shaka juu ya mafundisho yangu mwenyewe ni The Last Battle cha C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1956, nacho ni cha saba na cha mwisho katika msururu wa hadithi za nchi ya Narnia ulioanza mwaka 1950. Vile sita vya kwanza nilivisoma utotoni, kimoja kimoja, kadiri vilivyopatikana katika kabati la vitabu shuleni. Cha saba hakikuwamo. Nilikutana nacho nikiwa masomoni ng'ambo, mtu mzima, nikitayarisha shahada ya pili. Nikakisoma usiku mmoja, na nilipokifunga nilikuwa na uchungu wa mtu aliyedhulumiwa na rafiki.

Kwa asiyekijua, kisa ni hiki. Sokwe mwenye hila anamvika punda ngozi ya simba na kuwatangazia wanyama kwamba huyo ndiye Aslan, simba mtukufu aliyeiumba Narnia. Kwa udanganyifu huo watu wa Calormen, dola kubwa ya kusini, wanaitwaa nchi. Mfalme wa mwisho, Tirian, anapigana mbele ya banda la mifugo, na mlango wa banda hilo unageuka kuwa mlango wa ahera. Nyota zinaanguka, viumbe wanahukumiwa mlangoni, na nchi tuliyoizoea inaingia gizani. Upande wa pili iko Narnia nyingine iliyo ya hakika zaidi, ambayo ile ya kwanza ilikuwa kivuli chake tu. Ni falsafa ya Plato iliyovikwa nguo za hekaya, na mmoja wa wahusika anamtaja Plato waziwazi. Kurasa hizo za maangamizi ni nzuri mno, wala sijapata kuzisoma pasi na kusisimkwa. Humo wamekusanyika mashujaa wa vitabu vilivyotangulia, kwa kuwa wamekufa siku moja katika ajali ya gari la moshi huko kwao Uingereza. Karibu wote wamo. Hayumo Susan.

Susan ni mmoja wa wale ndugu wanne wa kitabu cha kwanza: malkia, mwenye upinde na baragumu. Edmund, ndugu yake, aliwasaliti wenziwe kwa uchu wa peremende za Mchawi Mweupe, na Aslan akajitoa kufa badala yake. Kosa la Susan ni lipi? Kwamba huziita habari za Narnia michezo ya utotoni, na kwamba fikira zake sasa zimo katika soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko ya karamu. Basi. Philip Pullman ameikemea hukumu hii kwa ukali, naye Neil Gaiman akaitungia hadithi fupi mwaka 2004. Aghalabu wapinzani huishtaki dhamira: wanasema mwandishi anaogopa msichana kuwa mwanamke. Sina ugomvi nao. Lakini nadhani jeraha la msomaji limeanzia katika fani, na hapo ndipo hasira ya mpenzi wa hadithi huona jambo ambalo utulivu wa mhakiki hulipita.

Susan hanenwi ila na wengine. Watu wanne wanamsema, kila mmoja sentensi moja au chache, kisha nduguye mkubwa anasema jambo hilo liachwe na kuwaelekeza wenzake kwenye miti ya matunda. Hatumwoni akiikana Narnia, wala hatumsikii akijitetea. Mwandishi ambaye kwa vitabu sita ametuonyesha kila jambo, safari hii anatuambia tu, tena kwa vinywa vya watu ambao hawana tena la kupoteza.

Linganisha na Emeth. Huyu ni askari kijana wa Calormen aliyemwabudu mungu Tash kwa moyo safi, na jina lake ni neno la Kiebrania lenye maana ya kweli. Yeye anaachiwa asimulie mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza na kwa kirefu, jinsi alivyokutana na Aslan akitarajia kuuawa, akaambiwa kwamba utumishi wake wote mwema ulihesabiwa kuwa wa Aslan. Msomaji wa pwani yetu hawezi kulisoma fungu hili kama msomaji wa Oxford. Watu wa Calormen ni weusi wa ngozi, wana vilemba na majambia yaliyopinda, na mashairi yao yamejaa mithali na nasaha, ambazo watu wa Narnia huzicheka. (Mimi niliyelelewa kwa nasaha za namna hiyo nilijua mapema kwamba kicheko hicho kilinihusu.) Hata hivyo katika The Horse and His Boy, cha mwaka 1954, Lewis alikiri kwamba usimulizi ni sanaa inayofundishwa Calormen, kama insha zinavyofundishwa Uingereza, na kwamba watu hutamani kuzisikia hadithi ilhali hakuna atamaniye kuzisoma insha. Alikuwa amekunywa katika kisima cha Alfu Lela Ulela. Hata jina Aslan ni neno la Kituruki la simba. Emeth anaingia peponi kwa ufasaha wa kusini. Haifuti dharau iliyomtangulia, maana anaingia kama mtu wa pekee, lakini amepewa ulimi.

Hata vibete wanaobaki nje wanatendewa haki ya kisanaa. Wameketi katika nuru wakiamini wako gizani, wanapewa karamu nao wanaonja nyasi na majani makavu; tunayaona hayo kwa macho yetu, nasi twasadiki kwamba wamejifungia wenyewe. Adui anasikilizwa, mkaidi anaonyeshwa, dada anasimuliwa.

Watetezi hujibu kwamba Susan hakuhukumiwa, maadamu yu hai. Ni kweli, na Lewis alimwandikia mtoto mmoja mwaka 1957 kwamba ungalipo wasaa wa Susan kurekebika na kufika kwa njia yake. Barua hiyo ni ya huruma. Lakini barua si kitabu, na alichokiacha nje ya kitabu mwandishi hawezi kukiingiza kwa posta.

Hapa nimkumbuke Shaaban Robert. Adili na Nduguze imetokana na hekaya ya Alfu Lela Ulela ambamo ndugu wawili wasaliti, baada ya kusamehewa, wanaurudia uovu wao na kuuawa. Shaaban Robert aliuona mwisho huo, akaukataa: ndugu wake waliogeuzwa manyani wanasamehewa na kurudishiwa umbo la binadamu. Tumezoea kuliita jambo hilo mahubiri. Siku hizi nalihesabu kuwa uamuzi wa fundi aliyejua kwamba tamati huvisoma upya vitabu vyote vilivyotangulia. Baada ya The Last Battle siwezi tena kumsoma Susan wa kitabu cha kwanza, akilia usiku juu ya maiti ya Aslan, bila kujua atakakoishia.

Mwaka uliopita nilikisoma kitabu hiki pamoja na darasa dogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala wa jinsia na wa Plato. Msichana mmoja aliyekuwa kimya kipindi kizima aliinua mkono akakumbusha kwamba wazazi wao pia walikuwamo katika gari lile la moshi. Kisha akauliza: "Mwalimu, maiti zilipokelewa na nani?" Nikafungua kitabu kutafuta, ijapokuwa nilijua hakina hata sentensi moja juu ya hilo.