Istiara ya Kuachisha na Mgonjwa wa Mashine ya Kupumulia

Tangu kuenea kwa ugonjwa wa Korona mwaka 2020, mashine ya kupumulia imekuwa jina la kawaida magazetini na majumbani. Ila kitendo cha kumtoa mgonjwa mahututi katika mashine hiyo hakijapata istilahi iliyotulia. Kiingereza hukiita kwa neno la kumwachisha mtoto ziwa, na mfasiri alifuataye neno hilo hufika kwenye kuachisha, au kulikiza. Yafaa istiara hii ipimwe kabla ya kukaribishwa.

Mtoto huachishwa ziwa kidogo kidogo, uji ukitangulia, kwa kuwa chakula kingine hajakizoea. Mgonjwa, kinyume chake, alijua kupumua kabla ya kulazwa. Uchunguzi wa Uhispania uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha uzito wa tofauti hii. Wagonjwa 546 waliachwa wapumue wenyewe kwa muda uliofikia saa mbili. 130 tu ndio waliotaabika, na waliosalia walitolewa mpira wa kupumulia. Kwa wale 130, jaribio la mara moja kwa siku liliwatoa mashineni upesi kuliko njia za kupunguza msaada hatua kwa hatua. Hivyo wazo la polepole, ambalo ndilo kiini cha istiara, laweza kumchelewesha mgonjwa aliyekwisha kuwa tayari.

Kazi yenyewe ni jaribio. Daktari hutazama kwanza kama maradhi yamepungua, oksijeni yatosha, moyo umetulia, na dawa za usingizi zimepunguzwa. Kisha mgonjwa hupumua kwa msaada mdogo au bila msaada, kwa nusu saa hadi saa mbili. Pumzi zikiwa fupi na za haraka, jasho likimtoka, hurudishwa mashineni misuli ipate nguvu, na kujaribiwa tena kesho yake.

Haki yataka isemwe kwamba istiara haikukosa mahali. Mgonjwa aliyekaa majuma mengi mashineni, misuli yake ya kupumua ikadhoofika, hupunguziwa msaada siku baada ya siku, na kwake kuachisha ni neno la kweli. Kosa ni kulitandaza juu ya wote.

Liko pia suala la jamaa wanaongoja mlangoni. Wakiambiwa kwamba mgonjwa wao "atatolewa mashine", huenda wakasikia kwamba matumaini yamekatika, maana maneno hayo hayo hutumika pale tiba inapositishwa. Wakiambiwa kwamba "amepumzishwa", msiba umeingia nyumbani kabla ya wakati, kwa kuwa kupumzika ni tafsida ya kufa. Hapa istilahi si pambo. Jamaa huitegemea wanapoulizwa ridhaa yao.

Kiswahili kina njia yake. Katika kupumulia, apumuaye ni mgonjwa na mashine ni chombo tu. Katika kuachisha, mtendaji ni daktari na mgonjwa ni mtendwa. Kujaribiwa pumzi, kwa kitendo, na kurudia pumzi yake, kwa matokeo, ni maneno mepesi yanayomrudisha mgonjwa mahali pa mtenda. Istilahi njema ya uganga ni ile ambayo daktari aweza kuitamka mbele ya mama wa mgonjwa, na mama akaelewa kwamba mwanawe anajaribiwa, haachwi.