Vijiko vya Enzi ya akina George: Uhakiki wa Tafsiri

Karatasi ya maelezo tuliyoletewa tuihakiki yahusu ukusanyaji wa vijiko vya chai vya fedha vilivyotengenezwa Uingereza katika karne ya 18. Mfasiri ameviita "vijiko vya Kijojia", na kwa neno hilo amempeleka msomaji hadi Tbilisi! Jina alilolikuta latokana na wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, waliofuatana tangu 1714 hadi 1830. Twapendekeza "vya enzi ya akina George". Ni maneno mengi, lakini hayampotezi mtu.

Zito zaidi ni neno "nakshi". Sonara atiaye nakshi huchora kwa chombo chenye ncha, mstari baada ya mstari. Vijiko hivi havikuchorwa hivyo. Picha ilipigwa kwa kalibu ya chuma, mgongoni mwa sehemu ya kuchotea. Tofauti hii si ya wanaistilahi peke yao. Picha ya namna hiyo hufifia kwa kusuguliwa miaka na miaka, na mnunuzi hulipa kwa kadiri ionekanavyo. Aidha, mlaghai aweza kuipiga leo juu ya kijiko kitupu cha zama zile zile. Aliyeambiwa "nakshi" atatazama kisichopasa kutazamwa. Tulifikiria "picha ya chapa", ila chapa twaihitaji kwa ile alama ya simba anayetembea, ithibitishayo kwamba katika sehemu 1,000 za madini, 925 ni fedha halisi. Basi na iwe "picha ya kalibu".

Kijiko kimojawapo kina ndege aliyetoka kizimbani, na maneno yasemayo kuwa apenda uhuru. Wakusanyaji hukihusisha na John Wilkes, mbunge aliyekamatwa mwaka 1763 kwa kuishambulia hotuba ya mfalme gazetini. Mfasiri ameandika "Uhuru" kwa herufi kubwa, tena chini ya kichwa "Mapambo ya Utii kwa Taifa". Herufi hiyo moja yamrusha Mtanzania hadi Desemba 1961. Ndege yule hakudai bendera; uhuru wake ni ule wa asili katika Kiswahili, hali ya asiyefungwa wala kumilikiwa na mtu. Na uzalendo uliosifiwa hapo ulikuwa wa kuwapinga mawaziri wa mfalme, hivyo "utii" ni kinyume chake kabisa. Tumeandika "mapambo ya kizalendo", na "uhuru" kwa herufi ndogo.

Karatasi imerudishwa kwa mfasiri pamoja na picha ya kijiko chenyewe, ambayo, yaelekea, hakuwa ameiona.