Taadhima ya Ukaguzi wa Lori

Miongoni mwa kazi zinazostahili sifa ambazo watu aghalabu huzisahau, kwa sababu hufanywa alfajiri pasipo shahidi na tunda lake ni msiba ambao haukutokea, imo kazi ya dereva wa lori la tela anayelizunguka gari lake kwa miguu, kurunzi mkononi, kabla ya kuling'oa kwenda safari. Wapitao humdhania anapoteza wakati. Nami nasema kwamba hapo ndipo mzizi wa udereva wake ulipo.

Na tuitazame kazi hiyo mahali inapohitajika mno: Ilula, mkoani Iringa, kwa gari lililobeba shaba ya Zambia kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Njia hiyo ilizidi umuhimu baada ya mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kutafuta mlango mwingine wa bahari. Na tangu hapo malori hayajakoma kuuteremka mlima wa Kitonga, wenye kona kali na korongo kando yake, hata kulifikia bonde la Ruaha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huruhusu gari kubwa pamoja na shehena yake kufikia tani 56. Na uzito wa namna hiyo, ukishaanza kuporomoka, haupokei udhuru wa mtu yeyote.

Dereva mwenye hadhari huanza kwa mbali, akilitazama gari zima iwapo limeinama upande mmoja, maana kuinama huko huenda kukawa ni springi iliyovunjika au mzigo uliohama. Kisha huinama yeye na kutazama chini kama kuna oili au maji yaliyodondoka usiku. Hupima oili na maji ya rejeta, akaigusa mikanda, halafu huliendea kila tairi, lile la ndani kadhalika na la nje, akitafuta mpasuko ubavuni na jiwe lililonasa katikati ya mawili. Nati huzipapasa moja moja kwa vidole, kama nahodha apapasaye kalafati ya jahazi lake kabla ya kung'oa nanga. Na akiuona mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye nati, huenda kutafuta spana, kwani kutu hiyo aghalabu ni dalili ya nati iliyoanza kulegea.

Hufika baadaye pale kichwa kinaposhikana na tela, na hapo hukawia. Shehena yote hiyo huvutwa na pini moja ya chuma ambayo unene wake ni takriban sentimita 5. Mlio wa kufunga husikika hata kama komeo halikuikamata pini sawasawa, basi yeye hauamini mlio. Huingia chini kwa kurunzi hata aone kwa macho yake kwamba pini imekumbatiwa na hakuna mwanya juu ya sahani iliyopakwa grisi. Kisha hufunga breki za tela na kukivuta kichwa polepole mbele, kusudi kama muungano huo ni wa uongo, uumbuke papo hapo, gari lingali limesimama.

Linabaki suala la upepo. Mmarekani George Westinghouse alipobuni breki ya upepo ya treni mwaka 1869, upepo ndio uliozibana breki, na bomba likipasuka breki zilitoweka; mwaka 1872 akaigeuza kanuni hiyo, breki zikawa zinajibana zenyewe upepo unapopotea. Malori yamerithi busara hiyo kwa springi nzito ambazo upepo huzizuia. Lakini hakuna springi iwezayo kuiokoa breki iliyokwisha au kulegea, wala busara ya mvumbuzi haiondoi dhima ya dereva. Ndiyo maana dereva huijaza upepo mitungi ya breki, akazima injini, akakanyaga breki na kuishikilia dakika nzima, jicho likiwa kwenye geji na sikio likisikiliza mvujo. Kanuni za Marekani huruhusu kichwa na tela kupoteza paundi 4 tu kwa inchi ya mraba katika dakika hiyo. Hatimaye huyatoa maji yaliyojikusanya mitungini, jambo ambalo mtu wa pwani yenye unyevu hana ruhusa ya kulisahau.

Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na adui wa kazi hii ni gari lililokuwa zima jana. Dawa yake ni mpango usiobadilika: kuanza pale pale, kuzunguka upande ule ule, kumalizia pale pale, kusudi jicho lililochoka liongozwe na miguu iliyozoea. Huko ndiko kuitunza amana. Kwani wanaolindwa na ukaguzi huo, mama auzaye vitunguu kando ya barabara na abiria waliolala ndani ya basi linalopanda Kitonga, hawamjui dereva huyo wala hawatapata kumshukuru.

Basi nawasihi matajiri wa malori: msimharakishe dereva kwa simu ilhali yumo chini ya tela, na akirudi na habari ya tairi bovu, msimwone mwoga wala msimkate posho. Nawe dereva, usiondoke na shaka. Tairi jipya hununuliwa; roho ya mtu hainunuliwi.