Mzinga Uliotazama Mbele Tu

Kwetu Uvira, ukitaja vita vya Ziwa Tanganyika, watu hukumbuka ya jana na juzi. Vile vya 1915 na 1916 vina mambo ya kiufundi ambayo fundi yeyote wa injini pale bandarini Kalundu angeyaelewa upesi.

Meli ya Kijerumani Kingani ilikuwa na mzinga omo, usioweza kugeuka kupiga nyuma. Kulenga kulimaanisha kugeuza meli nzima. Desemba 26, 1915, mbele ya Lukuga (Kalemie ya leo), boti mbili za Kiingereza zenye meta 12 tu, Mimi na Toutou, ziliijia kutoka tezi. Dakika 11, ikasalimu amri.

Boti hizo zilikuwa zimetoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Fungurume, zikavutwa na trekta za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha treni tena na mto Lualaba. Kwa njia kama hiyo, spea huagizi leo ukaipata kesho. Ndiyo maana Kingani haikuachwa izame. Ilizibwa, ikaitwa Fifi, ikafungwa mzinga wa ratili 12, mkubwa kuliko umbo lake: kila ulipofyatuka, teke lake liliisimamisha meli.

Februari 9, 1916, Fifi iliifukuza meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ikipiga na kukosa mpaka zikabaki risasi tatu. Hapo Mimi, iliyokuwa karibu zaidi na adui, ikarudi, na ofisa wake akamweleza kamanda wa Kiingereza, Spicer-Simson, kwamba makombora yanapita juu ya shabaha. Huo ndio ulikuwa mtambo wote wa kulenga: jicho la mtu mmoja na mdomo wake. Wakashusha shabaha. Risasi iliyofuata ikakwama ndani ya mzinga. Dakika 20 zikapita wakiitoa. Zilizobaki mbili zote zikapiga, na Hedwig ikazama. Nasema zile dakika 20 zingetosha kuiokoa, kama ingekuwa na mbio.

Ilibaki Graf von Götzen, jitu la ziwa. Mzinga wake wa milimita 105 ulikuwa spea ya maiti: ulitolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozamia delta ya Rufiji Julai 1915. Lakini vita vya nchi kavu navyo vilitaka mizinga. Ukang'olewa, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Waingereza na washirika wao hawakujua, na Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili.

Julai 26, 1916, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, isitekwe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi wake, waliokuwa wameiunga Kigoma kutoka kwenye makreti yaliyosafirishwa toka Papenburg, kwanza walizipaka injini grisi nzito. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanywa ziwani katika vita vile. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi majini, injini zilezile, kwa jina Liemba.

Mwaka 1997, bila mzinga wa chuma wala wa mti, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000.