Adabu ya Mwiko

Kazi ya kuchimbua mambo ya kale ina sharti gumu: mchimbuzi hukiharibu anachokisoma. Tabaka la udongo likishaondolewa halirudi. Kwa hiyo fundi wa kazi hii hasifiwi kwa alichookota tu. Husifiwa kwa kuonyesha kilikuwa wapi, kina gani, na kililala jirani na nini.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alifunzwa sharti hilo na mchimbuzi Dorothy Liddell huko Hembury, Uingereza, kuanzia mwaka 1930. Hakuwa amefaulu mtihani wowote wa shule. Kwa Liddell alijifunza kuushika mwiko, kuchora zana za mawe, na kutolikimbilia jawabu.

Thamani ya mafunzo hayo tunaiona tukimtazama mumewe. Louis Leakey alikuwa mwepesi wa kuwaza na mwepesi wa kutangaza. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja hadi Kanam, karibu na Ziwa Victoria, aonyeshwe palipotoka taya la kale ambalo Louis alikuwa amelitangaza. Alama za chuma zilizowekwa mahali hapo zilikuwa zimeng'olewa, na Louis hakuweza kupaonyesha. Taya lilikuwepo, lakini hoja ilikosa pa kusimama.

Mwaka 1937 Mary, akiwa na miaka 24, alianza kuchimbua Hyrax Hill, kilima cha mawe nje kidogo ya Nakuru, kinachotazamana na Ziwa Nakuru. Huko kuna makaburi, vigae, zana za obsidiani, mabao yaliyochongwa mwambani, na mashimo mapana ya mviringo. Aliyachimbua kwa utaratibu, akapima, akachora, na ripoti yake ikatoka mwaka 1945.

Mashimo yale aliyachukulia kuwa makao ya watu. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton, aliyechunguza mengine ya namna hiyo katika nyanda za juu tangu miaka ya 1960, alieleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu wa kale walioitwa Sirikwa. Nyumba zilijengwa ubavuni, nayo samadi ikazolewa na kurundikwa nje ya lango. Maelezo ya Sutton ndiyo yanayokubalika leo.

Hapo ndipo ninapouona ubora wa ufundi wa Mary. Angechimba ovyo, tungebaki na neno lake tu, tuliamini au tulikatae. Kwa kuwa aliweka kumbukumbu za kila alichokiondoa, aliyemfuata aliweza kuutumia ushahidi wake kufikia jawabu jingine.

Wazo la mwalimu likimwingia mwanafunzi sawasawa, halimfanyi kasuku. Liddell hakuwa na la kumwambia Mary kuhusu mazizi ya Bonde la Ufa, na alifariki mwaka 1938, ripoti ya Nakuru ikiwa haijatoka. Alimwachia namna ya kutenda, na katika namna hiyo mlikuwa na heshima kwa mtu ambaye bado hajafika. Mwalimu anayemfunza mwanafunzi kufanya kazi inayoweza kukosolewa amemfunza uaminifu, hata kama neno lenyewe hakulitaja.